Taa Hazichezi Gemu: Mastaa Wanavyowauzia Vijana Makasha ya Kung'aa kwa Bei ya Kompyuta

Klipu ni ile ile kila wiki, sura tu ndiyo inabadilika. Chumba kimezimwa taa, amapiano inapiga chini chini, kitambaa kinavutwa, kasha la kioo linawaka. Feni sita, rangi saba, utadhani ukumbi wa harusi Sinza. Staa anapaza sauti: "Wazee wa gemu, mashine hiyo! Core i7! RAM 16! Grafiksi 4GB!" Chini ya klipu watu kibao wanauliza maswali mawili tu: kadi gani, na bei gani? Jibu nalo ni moja kwa wote: "Njoo inboksi."

Hapo kwenye "njoo inboksi" ndipo vijana wanapopigwa.

Majina wadau mnayajua, hayahitaji kutajwa. Kuna mchekeshaji mmoja ambaye hajawahi kushika bisibisi maishani, lakini kila mwezi anatangaza "mashine ya mnyama". Kuna mtangazaji mmoja anayejiita baba wa gemu, na gemu yenyewe anachezea kwenye simu. Kuna na jamaa mmoja mwenye duka lake Kariakoo ambaye anawapa hawa wote makasha ya kupigia picha. Mmoja anatoa sura, mwingine anatoa wafuasi, wa tatu anatoa mzigo. Anayetoa hela ni dogo wa chuo aliyebana boom lake miezi sita, au kijana wa bodaboda aliyetoa mchezo wake wa kikoba akiamini akipata kompyuta ya maana ataanza kurusha laivu, kuhariri video na kuachana na jua la barabarani.

Biashara si dhambi. Taa nazo si dhambi. Dhambi ni kumuuzia mtu taa halafu kumwambia amenunua kompyuta ya gemu.

Core i7 ya mwaka gani?

Hapa mjini neno "Core i7" limegeuka cheo. Mtu akishalitamka, hakuna swali linalofuata. Kumbe swali ndiyo linatakiwa lianzie hapo.

Intel walianza kuuza Core i7 mwaka 2008. Maana yake kuna i7 iliyotoka wakati wanafunzi wengi wa chuo wa leo wanajifunza kutembea. Prosesa inayojaa kwenye makasha ya kung'aa ni i7-2600 ya mwaka 2011, au ndugu yake i7-3770 ya mwaka 2012. Nyingi zimetolewa kwenye kompyuta za ofisi za Ulaya na Marekani zilizomaliza muda wake. Zilikuwa mashine nzuri kwa zama zake, hakuna anayebisha. Lakini i7-2600 ina viini 4 na nyuzi 8. Na i3-12100F ya mwaka 2022, ile "i3" ambayo mastaa wanaicheka, nayo ina viini 4 na nyuzi 8, na inaiacha i7 hiyo mbali, kwa sababu kati yao kuna vizazi kumi vya kazi ya wahandisi.

Siri iko kwenye namba inayofuata baada ya i7 au i3. 2600 ni kizazi cha pili. 12100 ni kizazi cha 12. Anayetangaza "Core i7" bila kutaja namba hiyo ni sawa na anayesema anauza Land Cruiser halafu hataki kusema ya mwaka gani na injini ni ipi. Kwenye gari hakuna Mbongo anayekubali ujinga huo. Kwenye kompyuta wanakubali, kwa sababu kuna taa.

Na madhara hayaishii kwenye kasi. Microsoft walisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11, kwa prosesa za Intel, rasmi inaanzia kizazi cha 8. Mashine ya 2011 haimo. Mafundi wanajua kuilazimisha iingie, na inaingia kweli, kisha dogo anafungua Valorant na gemu inamgomea, maana kwenye Windows 11 inadai TPM 2.0 na Secure Boot, vitu ambavyo bodi ya zama zile haina. Akirudi kwa staa anaambiwa tatizo ni intaneti ya kwao.

4GB za nini?

Wimbo wa pili ni "grafiksi 4GB". Huu ndio unaokula pesa nyingi zaidi, kwa sababu kwenye gemu kadi ya picha, ile mafundi wanayoiita GPU, ndiyo inayobeba mzigo mkubwa. Na wauzaji wameshajua kwamba mnunuzi mgeni anahesabu GB kama anahesabu vocha.

GB ni ukubwa wa ghala. Hazisemi lolote kuhusu upana wa mlango wala nguvu za wabebaji. Ichukuliwe GT 730, kadi ya mwaka 2014 inayopatikana kila kona. Ipo ya 4GB, ndiyo. Lakini ilitengenezwa kwa ajili ya kuonyesha madirisha ya ofisi na kuchezesha video, na kumbukumbu yake ya DDR3 kwa matoleo mengi inapitisha kama GB 14 tu kwa sekunde. RX 580 ya 8GB, ambayo nayo ni mzee wa 2017, inapitisha GB 256 kwa sekunde. Hiyo tofauti hakuna feni ya rangi itakayoiziba. Na FC 25, gemu ambayo nusu ya mji inanunulia kompyuta, iliandika yenyewe kwamba kiwango cha chini kabisa ni GTX 1050 Ti au RX 570. GT 730 haijatajwa hata kwa bahati mbaya.

Halafu kuna michezo ya majina. GT 1030 ya kwanza, ya mwaka 2017, ilikuja na kumbukumbu ya GDDR5. Mwaka uliofuata ikaja nyingine, jina lile lile, lakini ya DDR4, na mwendo wa kumbukumbu ukashuka kutoka GB 48 kwa sekunde hadi chini ya 17. Boksi linafanana, jina linafanana, mashine si ile. RX 580 nayo ina pacha anayeitwa RX 580 2048SP, aliyetengenezwa kwa soko la China. Ukimvua koti ni RX 570. Si kadi mbaya, lakini inatakiwa iuzwe kwa bei ya RX 570.

Na kuna wizi wa wazi: kadi kongwe kama GTS 450 inaandikwa upya programu yake ya ndani ili kompyuta iitambue kama GTX 1050 Ti. Mnunuzi akifungua mipangilio anaona jina zuri, anafurahi, anaondoka. Gemu ikianza ndipo anagundua kapigwa changa la macho. Programu ya bure ya GPU-Z ina uwezo wa kuzinasa kadi nyingi za aina hii na inaandika neno FAKE mbele ya jina. Inachukua dakika moja. Hakuna klipu hata moja ya mastaa hawa iliyowahi kuonyesha dakika hiyo.

Bomu limefichwa chini

Makasha ya siku hizi yana kifuniko chini kinachoficha pawa saplai. Kwa wanaojali usafi wa nyaya ni kitu kizuri. Kwa wanaoficha uozo ni kitu kizuri zaidi.

Pawa saplai haiwaki rangi, haina wafuasi, haipigi picha vizuri. Ndiyo maana kwenye mashine hizi ndiyo kitu cha kwanza kubanwa bei. Inabandikwa stika ya "600W" na mtu anaamini stika. Lakini pembeni ya kila pawa saplai kuna jedwali dogo, na kwenye jedwali hilo kuna mstari wa +12V, unaolisha prosesa na kadi ya picha. Ukikuta pameandikwa ampea 18, hesabu yake ni ya darasa la nne: 12 mara 18 ni wati 216. Hizo 600 za kwenye stika zimeenda wapi? Zimeenda kwenye taa.

RX 580 peke yake imekadiriwa kula wati 185. Ongeza prosesa, ongeza feni sita za harusini. Mashine itazima katikati ya mechi, na huo ndio mwisho mwema. Mwisho mbaya ni pawa saplai kufa na kuondoka na bodi na kadi. Kwenye nyumba ambazo umeme unakatika na kurudi kwa kishindo, ambapo friji zenyewe zinawekewa kinga, kumwekea kijana pawa saplai ya kubahatisha ni ukatili. Kuna hata zinazokuja na kale kaswichi kekundu ka 115 na 230 zikiwa bado zimewekwa 115, zimetoka nchi za umeme mdogo. Chomeka hiyo kwenye ukuta wa Tandika wenye volti 230 uone moshi.

Na hata alama ya 80 Plus, ambayo wajanja wanaitaja ili waonekane wasomi, inapima jambo moja: ni kiasi gani cha umeme hakipotei kuwa joto. Haikuambii kama kifaa kina kinga nzuri ndani. Kwa hiyo jina la mtengenezaji, jedwali la ampea na warranti ya maandishi vina uzito kuliko stika yoyote.

Hela inatakiwa iende wapi

Watetezi wao watauliza: haya, mnaojua, semeni nyie mtanunua nini? Swali zuri. Na jibu halihitaji inboksi.

Anayejenga kompyuta ya kwanza kwa bajeti ya kubana anaanza na gemu, anamalizia na kasha. Wao wanafanya kinyume. Kwanza gemu gani? Anayetaka Valorant na Counter-Strike hahitaji alichonacho anayetaka gemu nzito za dunia wazi. Pili monita gani? Mwenye monita ya 1080p ya Hz 60 hana sababu ya kununua kadi ya 4K. Hayo mawili yakijibiwa, ndipo mkoba unafunguliwa.

Mgawo unaokubalika na mafundi wengi ni huu: katika kila shilingi 100 ya kasha na vilivyomo, karibu 35 ziende kwenye kadi ya picha, 30 kwenye prosesa na mazabodi, 20 kwenye RAM na SSD, 10 kwenye pawa saplai. Zinazobaki 5 ndizo za kasha. Tano! Mashine za mastaa kasha na taa ndivyo vinakula fungu la kadi ya picha, halafu kadi ya picha ndiyo inapata makombo.

Kwenye prosesa, i3-12100F au Ryzen 5 5600 ni mahali pa heshima pa kuanzia. Ya kwanza ina viini 4, ya pili ina viini 6 na nyuzi 12, na zote mbili zikiwa kwenye boksi lake zinakuja na feni yake, hivyo hakuna haja ya kununua nyingine ya mapambo. Ila herufi F kwenye jina la Intel inamaanisha prosesa haina picha yake yenyewe, bila kadi hakuna kitakachoonekana kwenye skrini. Na bodi za H610 zipo za DDR4 na zipo za DDR5, RAM haziingiliani, kwa hiyo lazima kusoma boksi kabla ya kulipa. Upande wa Ryzen, bodi ya B450 iliyokaa stoo muda mrefu inaweza kukataa kuwaka na 5600 mpaka BIOS yake isasishwe. Muuzaji mkweli anasasisha palepale. Muuzaji wa inboksi anasema prosesa imeungua.

RAM ni bora vipande viwili vya GB 8 kuliko kimoja cha 16, kwa sababu viwili vinafanya kazi kwa njia mbili kwa pamoja. Na ikishafungwa, kuna mpangilio kwenye BIOS unaoitwa XMP. Usipowashwa, RAM iliyouzwa kwa mwendo wa 3200 inatembea polepole kuliko ulivyolipia, na wengi wanakaa miaka hawajui. Tangu mwishoni mwa 2025 bei ya RAM imepaa dunia nzima kwa sababu viwanda vinaelekeza chipu kwenye seva za akili bandia, kwa hiyo kila shilingi inayokwenda kwenye taa leo inauma mara mbili ya zamani.

Kwenye kadi, RX 6600 ya mwaka 2021 ina 8GB na inakula wati 132 tu, ni rafiki wa Luku. Mfuko ukiwa mwembamba zaidi, RX 580 ya mtumba bado inacheza, mradi mnunuzi ajue anachonunua. Nyingi zilitumika kuchimba sarafu za kidijitali, na baada ya Ethereum kuachana na uchimbaji huo Septemba 2022 zikamwagwa sokoni kwa wingi. Kuchimba peke yake hakuiui kadi. Kinachoiua ni joto na feni zilizochoka, na hayo yanaonekana ukiipa mzigo nusu saa mbele ya muuzaji.

Na ambaye hana hela ya kadi kabisa kwa sasa? Asidanganywe na GT 730. Ryzen 5 5600G ina picha yake ndani, inacheza gemu nyepesi ikipewa RAM mbili za mwendo mzuri, na siku akijaliwa anaongeza kadi bila kubomoa kitu. Huko ndiko kujenga kompyuta: unajenga msingi leo, unapaua kesho. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

"Banda la kuku"

Mwaka jana dada mmoja wa chuo, mwaka wa pili, alifanya hivyo hivyo. Alinunua kimoja kimoja kwa miezi minne. i3-12100F, bodi ya H610, RAM vipande viwili, SSD, RX 580 ya mtumba aliyoijaribu mwenyewe, pawa saplai mpya yenye warranti. Hela ikamwishia kwenye kasha, akachukua la mtumba, limekwaruzika, halina kioo wala taa. Akapiga picha akaweka mtandaoni kwa furaha yake.

Yule mchekeshaji aliichukua picha ile na kuandika: "Hili banda la kuku mnaita kompyuta ya gemu? Dada, rudi jikoni." Wafuasi wakacheka, emoji za machozi zikajaa, dada wa watu akafunga akaunti wiki nzima.

Wiki chache baadaye rafiki yake wa bweni la jirani alinunua mashine ya mchekeshaji huyo huyo. Vioo pande tatu, feni sita. Wakaziweka pamoja, monita moja, gemu moja. Banda la kuku lilicheza. Ukumbi wa harusi ulionyesha mechi kama picha za mnato, moja baada ya nyingine, kisha ukazima. Walipofungua kifuniko walikuta i7-3770, GT 730 na pawa saplai nyepesi kama boksi la viatu. Bei ya mashine zote mbili ilipishana kidogo tu, na aliyelipa zaidi ni yule wa taa.

Hakuna klipu iliyotengenezwa kuhusu siku hiyo. Aliyeuziwa alipoandika malalamiko chini ya tangazo, maoni yake yalifutwa na akazuiwa. Alipomtafuta jamaa wa duka akaambiwa "bidhaa ikishatoka hairudi". Mchekeshaji akasema yeye alitangaza tu.

"Nilitangaza tu." Maneno mawili, na mkopo wa mtoto wa watu umekwenda.

Utetezi wao, mmoja mmoja

Wa kwanza: vijana wenyewe wanataka taa. Kweli, wanazitaka. Mtoto naye anataka pipi, lakini anayempa pipi badala ya chakula cha mchana hajiiti mlezi. Taa ziwekwe mwisho, baada ya kadi na pawa saplai kukaa sawa. Hapo hata feni kumi ziwake, hakuna wa kumsema mtu.

Wa pili: kila mtu anatafuta riziki. Sawa. Na yule bodaboda naye alikuwa anatafuta riziki. Riziki ya mmoja haitakiwi kuwa mtego wa mwingine.

Wa tatu, na huu una uzito: si kila mtu anaweza kujenga mwenyewe, wengine wanataka kitu kilicho tayari. Hilo ni haki yao kabisa. Kuna mafundi waaminifu Kariakoo na kwingineko wanaofunga mashine safi, wanaandika kila kifaa kwenye risiti, na wanaomba malipo ya kazi yao bila aibu. Hao ndio wa kwanza kuumizwa na makasha ya taa, maana bei yao ya kweli inaonekana kubwa mbele ya bei ya uongo. Kuna na ambaye anataka mpira tu, jioni na washkaji, basi. Huyo aambiwe ukweli kwamba koni ya gemu inaweza kumfaa zaidi kuliko kompyuta yoyote ya bajeti. Kompyuta ina maana kwa anayetaka pia kuhariri, kuchora, kuandika programu, kufanya kazi. Lakini ushauri wa namna hiyo hauna kamisheni.

Wa nne: wanaolalamika wana wivu. Huu hauna haja ya kujibiwa.

Wanachotakiwa kufanya, na si kigumu

Hakuna anayewataka wafunge akaunti. Wanatakiwa kuandika mistari sita chini ya klipu: prosesa na namba yake kamili, kadi ya picha na jina lake kamili, RAM ngapi na za aina gani, SSD, jina la pawa saplai na ampea zake za +12V, na kipi ni kipya kipi ni mtumba. Halafu bei, hadharani. Mtu anayeweza kuandika maneno mia tatu ya kumchamba ex wake hawezi kushindwa mistari sita.

Na wanunuzi nao wana kazi yao. Hela haitoki mpaka mashine iwake mbele ya macho. CPU-Z ifunguliwe, GPU-Z ifunguliwe, majina yalinganishwe na yaliyoandikwa. Gemu unayoitaka ichezwe nusu saa, ukisikiliza feni na kuangalia joto. Kifuniko cha chini kivuliwe, jedwali la pawa saplai lisomwe. Kioo cha mbele kiangaliwe kama kuna mahali hewa inaingia, maana kwa joto na vumbi la Dar, kasha lisilopumua ni chungu cha kuchemshia. Risiti iandikwe kifaa kimoja kimoja, warranti iwe ya maandishi. Muuzaji akinuna kwa maswali hayo, ameshajibu. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na hivi vinatembezwa na watu wenye wafuasi laki tano.

Yule dada wa banda la kuku kwa sasa anahariri video za harusi kwa mashine ile ile na analipwa. Kasha bado halina taa. Mchekeshaji wiki hii katoa klipu mpya, kitambaa kimevutwa, feni zimeongezwa zimekuwa nane. Watu wameuliza kadi gani. Na jibu, wadau, mnalijua.

Je, na wewe au mshkaji wako mmewahi kuuziwa taa mkidhani ni kompyuta? Mashine yako ina nini ndani, na pawa saplai yake ina ampea ngapi? Dondosha hapo chini. Hadharani, sio inboksi.